Bergamo kwa siku moja: Jinsi ya kupanga safari ya kundi bila kumwacha mtu nyuma

Mji wa kale wa Bergamo, uliojengwa juu ya kilima kaskazini mwa Italia, ni miongoni mwa miji ya kihistoria iliyo karibu na mpaka wa kusini wa Uswisi. Kwa vikundi vya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Uswisi, viwe vya parokia, vya akina mama, vya vijana au vya familia, ni safari inayowezekana kwa siku moja. Hata hivyo, mafanikio yake huamuliwa kabla treni haijaondoka, na mambo matatu: hati za kusafiria, mwinuko wa kilima, na lugha atakayoisema mwongoza watalii.

Safari za namna hii aghalabu huanzishwa na mtu mmoja mwenye ari. Huyo ndiye atafutaye tiketi, akusanyaye michango na kutuma ujumbe katika kundi la simu. Mara nyingi yeye mwenyewe ana pasipoti, ana miguu imara na anaelewa Kiitaliano kidogo. Basi bila kukusudia hupanga safari inayomfaa yeye. Makala haya yanapendekeza kipimo kingine. Panga safari kwa kumtazama yule mwenye hati dhaifu zaidi, yule mwenye magoti mabovu zaidi, na yule asiyeelewa lugha itakayosemwa. Safari ikimfaa huyo, itawafaa wote.

Mji mmoja, ngazi mbili

Bergamo uko katika mkoa wa Lombardia, kiasi cha kilomita 50 kaskazini-mashariki mwa Milano. Una wakazi wapatao 120,000 na umegawanyika sehemu mbili. Mji wa chini, ambao wenyeji huuita Città Bassa, ndio wenye stesheni, ofisi na maduka makubwa. Mji wa juu, Città Alta, ndio wa kale: nyumba za mawe, minara, makanisa na vichochoro vyembamba, vyote vikiwa ndani ya kuta nene zinazoonekana kutoka mbali.

Kuta hizo ndizo zinazoeleza mji wenyewe. Mwaka 1428 Bergamo uliingia chini ya Jamhuri ya Venezia, ukabaki humo hadi mwaka 1797, majeshi ya Napoleon yalipoingia. Venezia yenyewe ilikuwa mbali upande wa mashariki, kando ya bahari. Bergamo ulikuwa mji wake wa mpakani upande wa magharibi, ukitazamana na Milano, ambayo katika karne ya 16 ilikuwa mikononi mwa Wahispania. Kwa hofu ya jirani huyo, mwaka 1561 Wavenezia walianza kujenga ngome ya kuuzunguka mji wote wa juu. Kuta zilizokamilika zina urefu wa zaidi ya kilomita 6, pamoja na malango manne makubwa.

Gharama yake haikuwa ya fedha tu. Ili kupata nafasi, mamia ya majengo yalibomolewa, likiwemo kanisa kuu la kale la Mtakatifu Alessandro, msimamizi wa mji huo. Familia nyingi zilipoteza makazi yao kwa ajili ya vita ambavyo, kwa kejeli ya historia, havikuja kama vilivyotarajiwa. Mwaka 2017 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliziingiza kuta hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na ngome nyingine za Venezia zilizoko Italia, Kroatia na Montenegro.

Msomaji aliyewahi kufika Mombasa huenda akahisi amewahi kuona kitu cha namna hii. Hatakuwa amekosea. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, msanifu majengo kutoka Milano. Pembe zinazochomoza nje, zilizowawezesha walinzi kupiga mizinga sambamba na ukuta ili adui asipate mahali pa kujificha, ni elimu ya kivita ya Kiitaliano ya karne hiyo hiyo. Ilitumika chini ya milima ya Alps, na ilitumika kando ya Bahari ya Hindi.

Hati kwanza, tiketi baadaye

Uswisi ilijiunga na eneo la Schengen mwezi Desemba 2008, na tangu hapo wengi huamini kwamba mpaka wa Italia umefutika. Haujafutika. Uswisi haimo katika umoja wa forodha wa Ulaya, hivyo maofisa wa forodha wangali kazini, na polisi wa pande zote mbili huweza kukagua hati, hasa ndani ya treni zinazopita Chiasso. Kabla ya kukusanya mchango wa kwanza, mpangaji anapaswa kujua kila msafiri yumo katika kundi gani kati ya haya:

- Raia wa Uswisi au wa nchi ya Umoja wa Ulaya anahitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti.

- Mwenye kibali B au C ambaye ni raia wa Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya, Uganda au nchi nyingine iliyo nje ya Ulaya anahitaji vitu viwili kwa pamoja: pasipoti halali ya nchi yake na kibali chake cha ukaaji. Kibali peke yake hakitoshi, na pasipoti iliyokwisha muda ni sawa na kukosa pasipoti. Akiwa na vyote viwili anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180.

- Mkimbizi aliyetambuliwa rasmi husafiri kwa hati ya kusafiria ya mkimbizi iliyotolewa na Uswisi, akiwa na kibali chake pia. Atazame tarehe ya mwisho mapema, kwa kuwa hati mpya haitolewi kwa siku moja.

- Mwenye kibali F, yaani aliyepokewa kwa muda, yuko katika hali ngumu zaidi. Kitambulisho hicho hakitambuliwi kama kibali cha ukaaji kwa safari za Schengen. Anahitaji hati ya kusafiria na viza ya kurudi, ambayo huombwa kabla ya safari kupitia ofisi ya uhamiaji ya kantoni, na matembezi ya kujifurahisha si sababu inayokubaliwa kirahisi. Wenye kibali F waliotambuliwa kuwa wakimbizi wana utaratibu wao tofauti.

- Mwenye kibali N, ambaye ombi lake la hifadhi lingali likishughulikiwa, kwa kawaida haruhusiwi kutoka Uswisi, isipokuwa kwa sababu chache mahususi.

Watoto nao wanahitaji hati zao wenyewe. Kanuni hizi hubadilika, na hali ya kila mtu ina undani wake. Jibu la mwisho hutolewa na ofisi ya uhamiaji ya kantoni, si na rafiki aliyewahi kuvuka bila kuulizwa lolote. Aliyevuka mara tano bila kukaguliwa hajathibitisha kwamba inaruhusiwa. Amethibitisha tu kwamba hakukaguliwa. Atakayelipa ni yule wa mara ya sita, naye huenda akazuiliwa mpakani, akatakiwa kujieleza mbele ya mamlaka, au akaharibu mwenendo wa ombi ambalo familia yake imelingojea kwa miaka.

Suala hili linahitaji staha. Si kila mtu angependa jirani zake wa kanisani au msikitini wajue kibali alichonacho. Mpangaji asiulize katika kundi la simu ambako wote wanasoma. Aeleze masharti kwa wote, kisha amwachie kila mtu amjibu faraghani.

Na ikiwa baadhi ya wanakikundi hawawezi kuvuka, lipo jibu jingine zaidi ya kuwaacha nyumbani. Bellinzona, makao makuu ya kantoni ya Ticino, una ngome tatu za kale zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000: Castelgrande, Montebello na Sasso Corbaro. Castelgrande hufikiwa kwa lifti iliyochongwa ndani ya mwamba. Ni kilima, ni ngome, ni historia ya watawala wa Milano, na hakuna mpaka wa kuvuka. Kundi linaloamua kwenda Bellinzona kwa sababu ya mwenzao mmoja halijapoteza safari. Bergamo utaendelea kuwapo.

Umbali halisi

Kwa wakazi wa Ticino safari hii ni ya siku moja bila taabu kubwa. Kutoka Lugano hadi Milano treni ya moja kwa moja huchukua takriban saa moja na robo, na kutoka Milano hadi Bergamo treni ya mkoa huchukua chini ya saa moja. Kwa wakazi wa Zurich hesabu ni nyingine. Ijapokuwa njia ya chini ya mlima Gotthard imefupisha safari, bado ni zaidi ya saa tatu hadi Milano pekee. Ukijumlisha kubadilisha treni, mtu atatumia karibu siku nzima kwenye kiti ili apate saa nne za kutembea. Kundi la Zurich, Basel au Geneva lingefanya vyema kulala usiku mmoja Lombardia au Ticino, hasa likiwa na wazee na watoto.

Mambo mawili huwakwaza wasafiri kutoka Uswisi. La kwanza ni kudhani kwamba kadi ya usafiri ya Uswisi inafanya kazi hadi mwisho wa safari. Hakikisha umeuliza dirishani inaishia wapi, na nunua tiketi ya sehemu ya Italia. La pili ni tiketi za karatasi za treni za mkoa nchini Italia: hizo hupigwa muhuri katika mashine ndogo zilizoko stesheni kabla ya kupanda. Asiyepiga muhuri huhesabiwa kama asiye na tiketi, na mkaguzi hana wajibu wa kusikiliza maelezo.

Wanaokwenda kwa gari wajue neno moja: ZTL. Ni herufi za Kiitaliano za eneo ambalo magari yamewekewa mipaka. Sehemu kubwa ya mji wa juu imo katika utaratibu huo, na kamera huandika namba za magari yanayoingia wakati usioruhusiwa. Faini humfuata mwenye gari hadi Uswisi, wakati mwingine baada ya miezi mingi, picha za safari zikiwa zimekwisha kusahaulika. Acheni gari mji wa chini.

Kupanda kilima

Kutoka stesheni ya Bergamo, barabara kuu huelekea moja kwa moja kilimani. Kuna njia tatu za kupanda. Ya kwanza ni basi la mji namba 1. Ya pili ni funicolare, behewa linalovutwa kwa kebo juu ya reli zenye mteremko mkali, ambalo limekuwa likipandisha watu tangu mwaka 1887. Ya tatu ni miguu, kupitia ngazi na njia za mawe.

Kwa kundi lenye watu wa rika mbalimbali, jibu ni kupanda kwa funicolare na kushuka kwa miguu kwa wawezao. Safari ya kupanda ni ya dakika chache tu, nayo huishia katika uwanja mdogo uliokuwa soko la viatu, katikati ya mji wa juu. Siku za Jumapili na za sikukuu foleni huwa ndefu. Kundi kubwa ligawanyike mara mbili na kukubaliana mahali pa kukutana juu.

Kufika juu si mwisho wa kupanda. Njia za mji wa juu zimetandazwa mawe, nyingine ya mviringo, na zina miinuko midogo isiyokwisha. Viatu vya kisigino havifai, na kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto chahitaji mikono ya nguvu. Mwezi Julai na Agosti joto hukaa ndani ya mawe hayo tangu adhuhuri hadi jioni. Aprili, Mei, Septemba na mwanzo wa Oktoba ni miezi ya huruma zaidi kwa wenye shinikizo la damu.

Mwongozaji na mkalimani

Nchini Italia kuongoza watalii kwa malipo ni taaluma inayolindwa na sheria. Sheria namba 190 ya Desemba 2023 ilianzisha mtihani wa kitaifa na orodha ya kitaifa ya waongozaji wenye leseni. Maana yake kwa kundi letu ni kwamba msomi wetu wa historia, hata akiwa hodari kiasi gani, hawezi kulipwa ili asimame mbele ya kanisa na kutoa maelezo kama mwongozaji. Kueleza ndugu na marafiki ni jambo jingine. Akodiwe mwongozaji mwenye leseni, na aombwe kuonyesha leseni hiyo.

Kumpata mwenye leseni anayezungumza Kiswahili ni jambo la kubahatisha. Njia iliyo ya uhakika ni kumkodi anayezungumza Kiitaliano, Kifaransa, Kijerumani au Kiingereza, kisha mmoja wa kundi awe mkalimani. Hilo nalo linahitaji maandalizi, kwani ukalimani haufanywi kwa sababu tu mtu anajua lugha mbili. Uzoefu wa chumba cha habari, ambako kazi yetu ya kila siku ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, unatufundisha mambo manne.

Kwanza, wakati. Kila sentensi itasemwa mara mbili, hivyo maelezo ya saa mbili yatakaribia saa nne. Hakuna mzee atakayesimama juani muda huo. Punguzeni vituo kwa nusu, msiongeze saa.

Pili, mwongozaji ajulishwe tangu siku ya kumkodi kwamba kutakuwa na ukalimani. Aombwe kusema sentensi mbili au tatu kisha anyamaze, na atume mapema orodha ya mahali na majina atakayoyataja.

Tatu, mkalimani asome orodha hiyo nyumbani na kuamua maneno yake kabla. Chukua neno condottiero, ambalo halikwepeki Bergamo. Ukisema jemadari peke yake, umepoteza kiini, kwa sababu huyo hakuwa jemadari wa nchi yake tu; alikuwa mkuu wa askari wa kukodiwa, aliyetia mkataba na mtawala, na aliyeweza kuhamia kwa mwingine mkataba ulipokwisha. Neno kama hilo halipatikani ghafla ukiwa umesimama mbele ya watu 20.

Nne, mkalimani asimame ubavuni mwa mwongozaji, akiwatazama watu. Akisimama nyuma ya kundi, wenye kuhitaji sauti yake zaidi ndio watakaogeuza shingo siku nzima.

Vituo vinne vinatosha

Cha kwanza ni Piazza Vecchia, uwanja mkuu wa mji wa juu. Hapo pamesimama Palazzo della Ragione, jengo la karne ya 12 ambamo mambo ya mji yaliamuliwa, likiwa na sanamu ya simba mwenye mabawa, alama ya Venezia. Kando yake uko mnara wa mji wenye urefu wa zaidi ya mita 50. Kengele yake kubwa hupigwa mara 100 kila siku saa nne usiku, desturi inayokumbusha saa ya kufungwa kwa malango enzi za Wavenezia. Mgeni wa siku moja hataisikia, ila aliyelala mjini.

Cha pili ni kanisa la Santa Maria Maggiore, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1137, pamoja na kikanisa cha Colleoni kilichoungana nalo. Bartolomeo Colleoni ndiye condottiero tuliyemtaja. Aliitumikia Venezia kama mkuu wa majeshi yake, akatajirika, na mwaka 1472 ujenzi wa kaburi lake la fahari ulianza, kazi iliyosimamiwa na Giovanni Antonio Amadeo. Tazameni marumaru ya rangi rangi usoni pake, kisha muulizeni mwongozaji ni kitu gani kilibomolewa ili Colleoni apate nafasi.

Ndani ya kanisa kubwa kuna makaburi mawili yenye hadithi ambayo wengi wetu tutaielewa haraka. Moja ni la Gaetano Donizetti, mtunzi mashuhuri wa opera, aliyezaliwa Bergamo mwaka 1797 katika familia maskini iliyokaa chumba cha chini ya ardhi nje ya kuta. La pili ni la mwalimu wake, Simon Mayr, mgeni kutoka Bavaria aliyehamia Bergamo. Mayr alianzisha shule ya muziki iliyowapokea bure watoto wasio na uwezo, naye Donizetti akawa mmojawapo. Mgeni aliufungulia mlango mtoto wa mji, na mtoto huyo akaufanya mji ujulikane duniani. Leo wote wawili wamelazwa chini ya dari moja.

Kanisani mabega na magoti hufunikwa. Kanga au kitenge kimoja ndani ya mkoba huondoa tatizo hilo, na huwa kivuli juani na blanketi jioni.

Cha tatu ni kuta zenyewe. Tembeeni sehemu fupi tu, karibu na lango la San Giacomo, lililojengwa kwa mawe meupe yenye wekundu hafifu. Kutoka hapo tambarare yote ya kusini huonekana, na siku yenye anga safi hata majengo marefu ya Milano. Mwongozaji huenda akazungumzia mwezi Machi 2020. Bergamo ulikuwa miongoni mwa miji ya Ulaya iliyoumizwa mwanzo na zaidi na janga la korona. Tarehe 18 Machi mwaka huo malori ya jeshi yalibeba majeneza kutoka mjini humo, kwa kuwa mahali pa kuchomea maiti palikuwa pamezidiwa, na sasa tarehe hiyo ni siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliofariki. Wenyeji wengi walipoteza jamaa bila kuwazika kwa heshima waliyoitaka. Kwa watu wanaojua uzito wa kukosa kufika mazishini, neno la pole litatosha.

Cha nne ni cha kusimulia zaidi kuliko cha kutazama. Katika mji wa juu iko seminari yenye jina la Papa Yohane wa 23. Angelo Roncalli, kama alivyoitwa, alizaliwa mwaka 1881 katika familia ya wakulima kijijini Sotto il Monte, kiasi cha kilomita 15 kutoka Bergamo, na alisoma seminarini Bergamo akiwa kijana. Mwaka 1960, miaka miwili baada ya kuchaguliwa kuwa Papa, ndiye aliyemteua Laurean Rugambwa, askofu kutoka Bukoba, kuwa kardinali, wa kwanza Mwafrika katika zama zetu. Kwa Wakatoliki wa Afrika Mashariki, uhusiano huo watosha kuifanya ziara hii kuwa nusu hija.

Chakula cha mchana

Hapa wengi wa kundi letu hawatahitaji mkalimani. Chakula cha asili cha sehemu hii ni polenta, unga wa mahindi uliosongwa katika maji yanayochemka hadi ukashikana: binamu wa ugali, ingawa huwa laini na wa manjano, na mara nyingi hutiwa siagi na jibini. Mahindi yalitoka Amerika yakafika huku na kule, na maskini wa Lombardia waliyala kama tunavyoyala sisi. Katika maduka ya keki mtaona kitu cha manjano chenye ndege wadogo wa chokoleti juu yake. Kinaitwa polenta e osei, nacho ni keki tamu, si chakula cha mchana.

Wasiokula nguruwe wawe macho na casoncelli, vifurushi vya unga vyenye nyama ndani. Nyama hiyo huchanganywa na ya nguruwe, na juu yake humiminwa siagi yenye vipande vya mafuta ya nguruwe. Ulizeni kabla ya kuagiza. Mikahawa mingi hutoa chakula cha mchana kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu, kisha hufunga jiko. Katika hesabu mtaona neno coperto: ni malipo ya kukaa mezani kwa kila mtu, si udanganyifu. Kundi la watu zaidi ya kumi liweke nafasi siku kadhaa kabla, au libebe chakula chake na kutafuta benchi lenye kivuli nje ya makanisa.

Ratiba yenye nafasi ya kupumua

Kwa kundi linalotoka Ticino, ratiba hii inawezekana. Kuondoka Lugano kabla ya saa mbili asubuhi. Kufika Bergamo kati ya saa nne na saa tano. Kupanda kwa funicolare na kukutana na mwongozaji saa tano na nusu. Ziara yenye ukalimani hadi saa saba na nusu, kwa vituo viwili vya kwanza, na hadithi ya seminari ikisimuliwa watu wakiwa wamekaa. Chakula hadi saa tisa. Baada ya hapo walio na nguvu waende kwenye kuta, na waliochoka wabaki uwanjani wakiwa na mtu mmoja anayejua njia na mwenye namba za simu za wengine. Kushuka saa kumi na moja, na treni ya kurudi isiwe ya mwisho ya siku hiyo, ili mkiikosa iwepo nyingine.

Mtu mmoja ahesabu watu kila mnapoondoka mahali: uwanjani, mkahawani, stesheni. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya mzazi.

Wakati wa kurudi, forodha ya Uswisi huruhusu bidhaa za matumizi binafsi zenye thamani isiyozidi faranga 150 kwa kila mtu bila kodi; kiwango hicho kilishushwa kutoka 300 tangu Januari 2025. Nyama ni kilo 1 tu kwa mtu kwa siku. Anayenunua salami kwa ajili ya mtaa mzima ataiacha mpakani au atailipia.

Wiki moja kabla ya safari, mpangaji arudie maswali matatu na kuyajibu kwa majina ya watu. Je, kila mmoja ana hati itakayomvusha na kumrudisha? Je, asiyeweza kupanda amepangiwa njia na mwenzi? Je, asiyejua lugha atasikia yote? Panapokosekana jibu, bado upo muda wa kubadilisha ratiba, tarehe au mji wenyewe.